Bati Hunyooka, Rangi Hairudi

Mafundi wa Ujerumani na Marekani wanaoishi kwa kuondoa mibonyeo midogo ya magari bila kurudia rangi wana simulizi yao ya asili, nayo, kama simulizi nyingi za asili, ina mtu mmoja, usiku mmoja na kifaa kimoja. Mtu huyo ni Oskar Flaig, mfanyakazi wa Mercedes-Benz aliyepelekwa New York mwaka 1960 kwenye maonyesho ya magari. Watazamaji waliyashika magari, wakayaegemea na kuyagonga kwa mikoba na vifungo, na kazi ya Flaig ilikuwa kuyatengeneza baada ya ukumbi kufungwa ili asubuhi yaonekane mapya. Husimuliwa kwamba usiku mmoja alishika mpini wa nyundo na kulisukuma bati kutoka ndani, kwa nia tu ya kupunguza kazi ya puti na rangi. Alipotazama upande wa nje akakuta hakuna tena pa kupaka. Wakubwa wake wakapendezwa, mbinu ikapelekwa kiwandani Sindelfingen, na kutoka huko ikaenea.

Sina sababu ya kuikataa simulizi hii. Kasoro yake ni kwamba inaeleza machache mno. Kusukuma bati lililobonyea kutoka upande wa ndani ni jambo ambalo kila mfua bati wa karne nyingi zilizopita alilijua, awe alifua masufuria, mabirika au kofia za chuma za askari. Swali la historia ni jingine: kwa nini kitendo hicho cha kawaida kiligeuka kuwa riziki ya maelfu ya watu katika miaka ya 1980, na si katika miaka ya 1920, wakati barabara za Detroit na London zilikuwa tayari zimejaa magari yenye mibonyeo? Ninavyoona, jibu halimo mikononi mwa fundi. Limo katika rangi, na nyuma ya rangi limo katika hesabu za makampuni ya bima na za wauzaji wa magari yaliyokwisha kutumika. Ufundi ulikuwepo muda wote. Kilichobadilika ni thamani ya ule utandu mwembamba ulio juu ya bati.

Ushahidi wa kwanza unatoka viwandani kwenyewe. Muda mrefu kabla ya 1960, viwanda vya magari vya Marekani vilikuwa na wafanyakazi ambao kazi yao yote ilikuwa kukagua bodi kabla haijaingia kwenye chumba cha rangi. Walipitisha kiganja juu ya bati, mara nyingi wakiwa wamevaa glavu ya kitambaa, wakitafuta kwa hisia kile ambacho jicho halikioni kwenye chuma kisichong'aa. Walipogundua mbonyeo waliunyanyua kwa nyundo huku wamekinga upande wa pili kwa kipande kizito cha chuma, kisha wakapitisha tupa. Tupa ndiyo iliyowapa hukumu: palipoinuka pakang'aa, palipodidimia pakabaki na weusi. Maarifa hayo yaliandikwa vitabuni mapema. Katika miaka ya 1930 Frank T. Sargent alitoa The Key to Metal Bumping, kitabu ambacho mafundi wa bodi bado wanakisoma, na kiini chake ni kanuni moja: uharibifu uondolewe kwa kurudi nyuma kwenye njia uliyoingilia, kilichokunjika mwisho kikifunguliwa kwanza. Sargent alitenganisha pia mahali palipogongwa na mahali palipovutwa tu na mgongano, akaonya kwamba fundi anayekimbilia kugonga katikati ya bonde huliongeza bati na kujitafutia kazi mpya. Mtu anayeondoa mbonyeo leo kwa fimbo ya chuma pua angeelewana na Sargent mara moja. Tofauti yao ni moja tu: Sargent alichukulia kwamba baada ya kunyoosha, gari litapakwa rangi.

Na kwa nini asichukulie hivyo? Rangi ya enzi yake ilikuwa kitu cha kurudiwarudiwa. Magari ya mwanzo yalirithi mbinu za watengeneza mikokoteni ya farasi: kiunzi cha mbao, na juu yake tabaka baada ya tabaka za vanishi zilizopakwa kwa brashi, kila moja ikingojea ya chini yake ikauke na kusuguliwa, kazi iliyokula wiki kadhaa kwa gari moja. Bodi ya mbao haiwezi kuingizwa kwenye tanuri lenye joto kali, na hii ilikuwa moja ya sababu bodi ya chuma kitupu, ambayo Edward G. Budd wa Philadelphia aliwatengenezea ndugu wa Dodge katikati ya miaka ya 1910, ilionekana kuwa hatua kubwa: rangi yake iliweza kuokwa. Kisha mwaka 1923 General Motors na DuPont wakatoa gari la Oakland la buluu likiwa na rangi mpya iliyoitwa Duco, iliyokauka kwa saa badala ya wiki. Ilipulizwa kwa bunduki ya rangi, chombo ambacho babu yake ni kipulizio cha dawa ya koo kilichobuniwa na daktari DeVilbiss wa Toledo, Ohio. Ni mwanawe aliyekigeuza, mwanzoni mwa karne ya 20, kuwa zana ya wapaka rangi.

Duco ilikuwa na sifa mbili zinazotuhusu hapa. Ya kwanza, haikupoteza uwezo wa kuyeyuka. Hata baada ya miaka, rangi mpya ya aina hiyo iliilainisha ile ya zamani na kushikamana nayo, kwa hiyo fundi aliweza kupuliza kiraka kidogo, akakisugua na kuking'arisha mpaka mpaka wake ukapotea. Ya pili, kadiri ilivyozeeka ilikakamaa, na bati lilipopinda ilipasuka nyufa. Rangi ya namna hiyo inamkaribisha fundi aipake upya, tena inamkataza kunyoosha bati lililo chini yake bila kuivunja. Mtu aliyekuwa na kipaji cha Flaig mwaka 1930 angeweza kuusukuma mbonyeo vizuri kabisa, na bado angebaki na duara la nyufa la kufunika. Kipaji chake kisingemwokolea mteja hata senti.

Hapo katikati kuna sura ambayo wanaoisimulia historia hii huiruka, nami naiona kuwa na uzito kuliko ile ya New York. Mpaka katikati ya karne ya 20, bonde lililoshindikana kunyooshwa lilijazwa kwa aloi ya risasi iliyolainishwa kwa moto na kutandazwa kwa kibao. Kazi hiyo ilidai mkono mtulivu, na vumbi lake lilikuwa sumu, kwa hiyo fundi alikuwa na kila sababu ya kulinyoosha bati kadiri alivyoweza ili atumie risasi kidogo. Mwaka 1955, huko Miami, Robert Merton Spink alichanganya ulanga na utomvu wa plastiki akapata puti iliyokuja kuuzwa kwa jina la Bondo. Puti haihitaji moto. Inachanganywa kwa kigumuzo, inapakwa, na baada ya dakika chache iko tayari kwa msasa. Kwa kipimo chochote cha urahisi ulikuwa ushindi, lakini uliondoa kile kilichomlazimisha fundi kulijua bati. Kuanzia hapo gereji iliweza kuliacha bonde lilivyo, au kulivuta juujuu kwa ndoano, ikalijaza na kulipaka rangi. Vizazi vya mafundi wa bodi vilifundishwa puti kwanza na chuma baadaye, kama kilifundishwa kabisa. Kwa hiyo simulizi ya Flaig ilitokea miaka mitano tu baada ya sokoni kuingia kitu kilichofanya ustadi wake uonekane kazi ya bure. Kama ustadi peke yake ndio unaoanzisha biashara, biashara hii ingepaswa kufa hapohapo.

Iliokolewa na wanakemia ambao hawakuwa wakiifikiria. Katika miaka ya 1960 Ford ilianza kuzamisha bodi nzima kwenye birika la rangi ya msingi na kupitisha umeme, ili rangi ivutwe mpaka kwenye pembe ambazo bunduki haifiki. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 aina iliyoboreshwa ya njia hiyo ilikuwa ikienea viwandani kote. Juu ya msingi huo zikaja rangi ambazo molekuli zake hufungamana zinapookwa. Msingi huokwa kwenye joto la karibu nyuzi 170 za Selsiasi, na rangi za juu kwenye nyuzi 140 hivi. Zikishafungamana haziyeyuki tena. Kisha, hasa katika miaka ya 1980, rangi ya juu ikagawanywa mara mbili: tabaka jembamba lenye rangi, mara nyingi likiwa na chembe za metali zinazometameta, na juu yake vanishi angavu inayobeba mng'ao na kukinga jua. Jumla ya tabaka zote hizi ni kama mikroni 100 hadi 150, na zinalishika bati kwa nguvu kiasi kwamba likipinda taratibu nazo hupinda pamoja nalo.

Linganisha sasa na gereji. Kiwanda huoka bodi tupu, kabla haijafungwa nyaya, viti, vioo wala matairi. Gari lililokwisha kuuzwa haliwezi kurudishwa kwenye nyuzi 140, kwa kuwa plastiki na mpira vyake vingeharibika. Tanuri la gereji nzuri huishia kwenye nyuzi 60 au zaidi kidogo, na ugumu wa rangi hutafutwa kwa kigumuzo cha kemikali. Rangi inayopatikana inaweza kuwa bora, ikang'aa miaka mingi, lakini ni rangi nyingine. Chembe za metali zina tabu yake: jinsi zinavyolala hutegemea shinikizo la hewa, umbali wa bunduki, na hata jinsi thina inavyokauka siku hiyo, kwa hiyo mlango uliopakwa peke yake huonekana tofauti na madigadi iliyo jirani, na fundi hulazimika kuipuliza na jirani ili jicho lidanganyike. Mbonyeo wenye upana wa sarafu, ulioachwa na mlango wa gari jingine kwenye maegesho, unakuwa umedai rangi ya mlango mzima na kipande cha madigadi. Hapa ndipo hesabu ilipogeuka. Zamani kunyoosha kulikuwa hatua ya kwanza ya kupaka rangi. Sasa kulikuwa njia ya kuikwepa.

Inafaa kueleza kwa nini njia hiyo inawezekana, kwani mtu anayeona mbonyeo ukipotea hudhani kuna mazingaombwe. Bati la mlango wa gari la siku hizi lina unene wa karibu milimita 0.7. Linaposukumwa kidogo hupinda na kurudi lenyewe. Likisukumwa kupita kiasi fulani hubaki lilivyopindwa. Katika mbonyeo mdogo usio na ncha, sehemu iliyovuka kiasi hicho ni ndogo sana, na eneo kubwa linaloonekana limedidimia limeshikiliwa tu na ile sehemu ndogo. Lingependa kurudi kama lingeachiwa. Fundi huingiza fimbo ndefu kupitia ufa wa kioo cha mlango, tundu la taa au tundu la kutolea maji, akatafuta kwa ncha yake mahali panaposhikilia, na kusukuma mara nyingi kwa nguvu kidogo. Akizidisha huinua chunusi upande wa nje, na chunusi hurudishwa kwa kugongwa taratibu kwa kijiti chenye kichwa cha plastiki. Pasipo na njia ya ndani, gundi ya moto hubandikwa juu ya rangi pamoja na kishikio, ikavutwa. Mipaka ya kazi iko wazi vilevile: bati likiwa limekunjwa kwa ncha kali limeongezeka urefu, na urefu huo hauna pa kwenda; na rangi ikiwa imepasuka, hakuna cha kuokoa.

Hata hivyo rangi ngumu kuirudia haitoshi kuzaa biashara. Mtu mmoja mwenye mbonyeo mmoja anaweza kuuvumilia, na wengi huuvumilia. Aliyeileta kazi hii kwenye ukubwa wake ni mteja asiyeweza kuvumilia kwa sababu ana mibonyeo milioni kadhaa kwa mkupuo: kampuni ya bima baada ya mvua ya mawe. Tarehe 12 Julai 1984 dhoruba ilipita juu ya Munich ikiangusha mawe ya barafu, mengine yakiwa na kipenyo cha karibu sentimita 10. Nyumba zipatazo 70,000 ziliharibika, na magari yapatayo 200,000. Hasara yote ilikadiriwa kuwa mark bilioni 3 za Ujerumani, na kwa miaka mingi siku ile ilibaki kipimo ambacho watu wa bima wa Ulaya walikitumia kupimia dhoruba nyingine. Fikiria meza ya mkadiriaji siku ya pili yake. Kila gari lina makumi au mamia ya vidimbwi kwenye paa, boneti na buti. Paa limechomelewa kwenye bodi. Kulibadili ni kukata gari na kuliunganisha upya. Kupaka rangi ni wiki nzima katika gereji ambayo tayari ina foleni ya miezi. Mtu anayeweza kuketi chini ya paa hilo na fimbo zake, akalimaliza kwa siku mbili tatu, anakuwa ghafla mtu wa thamani, na malipo yake, hata yakiwa manono, ni nafuu kwa kila upande.

Tangu hapo kazi ikapata sura ya safari. Mafundi hufuata mawingu: majira ya joto Ulaya na katika nyanda za kati za Marekani, kisha Australia na nyanda za juu za Afrika Kusini majira ya joto yanapohamia kusini mwa ikweta. Dhoruba ya Sydney ya tarehe 14 Aprili 1999, iliyowagharimu wenye bima takriban dola bilioni 1.7 za Australia, iliharibu makumi ya maelfu ya magari kwa usiku mmoja. Bima nayo ikaiwekea kazi hii lugha ya ofisini. Nchini Marekani bei hupangwa kwa jedwali: idadi ya mibonyeo kwenye kila kipande cha bodi, ikipambanishwa na ukubwa wake, na ukubwa hupimwa kwa sarafu za nchi. Kazi ikishakuwa na jedwali imeacha kuwa kipaji cha mtu. Imekuwa huduma inayoweza kuagizwa, kukaguliwa na kulipiwa. Mteja wa pili, mtulivu kuliko mvua, alikuwa soko la magari yaliyotumika: wauzaji, makampuni ya kukodisha, minada. Hao wana sababu ya kujali kama rangi ni ya kiwandani, maana mnunuzi makini huja na kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi, na panapozidi sana mikroni 150 anaanza kuuliza maswali.

Anaweza kutokea wa kupinga kwamba ninawapunja mafundi na zana zao. Atasema kwamba fimbo za kisasa, gundi, na hasa taa, ndizo zilizofungua mlango. Hoja ya taa ina nguvu. Fundi wa leo hatazami bati. Anatazama mistari ya taa au ya ubao inayoakisiwa juu ya rangi, na mistari hiyo inapopinda ndipo anapoona kilima au bonde lenye kina kisichofika unywele. Lakini angalia taa hiyo inahitaji nini. Inahitaji uso unaoakisi, yaani vanishi laini na angavu ya kiwandani. Fundi wa kiwanda cha zamani, aliyeshika bati tupu, alitumia kiganja na tupa kwa kuwa hakuwa na kioo cha kumwonyesha. Rangi mpya ndiyo iliyompa fundi kitu cha kuokoa, na ndiyo iliyompa pia kioo cha kuonea kazi yake. Zana nyingine zote ni vyuma vilivyopindwa, na wahunzi hawakuwahi kushindwa kupinda chuma.

Pingamizi jingine ni la afya na sheria, nalo nalikubali kwa sehemu kubwa. Vigumuzo vya rangi za gereji vina kemikali za isosianati, ambazo mvuke wake ni miongoni mwa sababu kuu za pumu inayotokana na kazi; nchini Uingereza wapulizaji wa rangi za magari huipata pumu hiyo mara nyingi sana kuliko wafanyakazi wa kawaida. Mvuke wa thina nao huchangia moshi wa mijini, ndiyo maana eneo la Los Angeles lilianza kuzibana gereji za rangi mwishoni mwa miaka ya 1980, na Umoja wa Ulaya ukaweka vipimo vyake mwaka 2004. Vyumba vya kupulizia, vichujio na mavazi ya kinga vyote ni gharama, na kila gharama iliyoongezwa kwenye rangi ilikuwa zawadi kwa anayeikwepa. Ila sheria hizi zilikuta kazi imekwisha kusimama. Ziliikuza, haziwezi kudai kuwa ziliizaa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwetu. Kama rangi ya kiwandani haiwezi kurudiwa popote duniani, mbona kazi hii haikuota mizizi Dar es Salaam na Nairobi kama ilivyoota Stuttgart na Dallas? Ufundi si tatizo. Kamukunji, Nairobi, wapo watu wanaofua masanduku na makarai kutoka kwenye mabati chakavu kwa nyundo na reli tu, na Kenneth King, aliyechapisha The African Artisan mwaka 1977, alionyesha jinsi maarifa ya namna hiyo yalivyopita kutoka kwa mafundi wa Kihindi kwenda kwa vibarua wao Waafrika, bila darasa wala cheti. Mikono ipo. Kinachokosekana ni vile vitu viwili nilivyovitaja. Gereji za uani hupiga puti, msasa na rangi kwa gharama inayobebeka, mara nyingi bila chumba cha kupulizia na bila barakoa ya maana, kwa hiyo rangi haina bei ya kutisha inayofanya kuikwepa kuwe na faida. Na wenye magari wengi hukata bima ndogo, ile inayomlipa mtu wa tatu peke yake. Bima kubwa ni ya wachache, na bila bima kubwa hakuna mlipaji anayekuja na magari elfu kumi siku moja. Mvua ya mawe yenyewe tunayo. Nyanda za chai za Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, kiasi kwamba katika miaka ya 1960 yalifanyika majaribio ya kuipunguza. Mawe yake kwa kawaida ni madogo na huumiza majani ya chai kuliko bati. Aliyehesabu hasara alikuwa mwenye shamba. Kwa hiyo mfano wa Afrika Mashariki hauipingi hoja yangu. Unaonyesha kwamba mkono hodari, bila rangi ghali na bila bima, hauzai kazi hii.

Hata hivyo soko letu limekwisha kujifunza kusoma thamani ya rangi, na limejifunza Japani. Gari linalopita mnadani huko hupewa karatasi ya ukaguzi yenye mchoro wa bodi na herufi juu yake. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni alama ya bati lililowahi kutengenezwa na kupakwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba inayofuata hueleza ukubwa. Wafanyabiashara wa Mombasa na Dar es Salaam huzijua herufi hizo vizuri. Wanaelewa kwamba U ni hali ya bati leo na inaweza kuondolewa, wakati W ni habari ya jambo lililokwisha kutokea na haiondoleki. Kenya inapokataa magari yaliyozidi miaka minane, ina maana yanayoingia ni ya kizazi cha rangi za kuokwa, na tangazo linalosema gari halijarudiwa rangi linaongeza bei kweli. Siku tofauti ya bei hiyo itakapozidi ujira wa fundi mwenye fimbo, kazi itakuja bila kungoja mvua.

Itakapokuja huenda ikakuta bati limebadilika. Audi ilitoa A8 yenye bodi ya alumini mwaka 1994, na Ford ikafanya hivyo kwa pikapu yake ya F-150 ya mwaka 2015. Ugumu wa alumini dhidi ya kupinda ni kama theluthi ya ule wa chuma, hurudi nyuma zaidi baada ya kila msukumo, na hupasuka upesi, kwa hiyo fundi huipasha moto kwanza, na wengi hudai malipo ya ziada. Bampa za plastiki hazimo kabisa katika hesabu hii. Chuma nacho hakikukaa kilivyokuwa. Baada ya misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970 watengenezaji walitaka bati jembamba lisilobonyea ovyo, na wakapata vyuma vinavyokuwa laini wakati wa kukandamizwa kwenye kalibu lakini vinavyokazwa na joto la tanuri la rangi, kiasi cha nyuzi 170 kwa dakika ishirini hivi. Joto lilelile linaloifanya rangi isiweze kurudiwa na gereji yoyote linaliimarisha pia bati lililo chini yake, likapunguza mibonyeo ya kumfikia fundi, na ile inayomfikia ikawa migumu zaidi kuitoa.